Tawi limefikia lengo, watu watatu wameondoka: nijitathmini vipi mwisho wa mwaka?

SWALI: "Shikamoo mama. Mimi ni meneja wa tawi la kampuni inayosambaza vipuri vya magari, niko Mwanza, nina watu 12 chini yangu. Mwaka huu tumefikia lengo la mauzo, ila watu watatu wameacha kazi na mimi mwenyewe nimechoka kuliko miaka yote. Kila Desemba nanunua daftari, naandika malengo, ikifika Machi sikumbuki hata moja. Sasa makao makuu wametuma fomu ya kujitathmini, wanaitaka kabla ya tarehe 20. Safari hii nataka nijitathmini kweli, siyo kujaza fomu tu. Nianzie wapi? Na nitajuaje kama nimekua kiuongozi au nimeongeza miaka tu kazini?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa lengo, na pole kwa uchovu. Umetaja kuondoka kwa watu watatu na kuchoka kwako kwa pumzi moja, na hapo ndipo nilipokushika. Kwa ninavyoyaona mambo haya, mara nyingi hayo mawili ni jambo moja, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi kuliko mauzo.

Fomu iweke pembeni kwa siku chache. Ni ya mwajiri na ana haki nayo, lakini majibu yake yanagusa bonasi, nyongeza ya mshahara na jina lako kwa wakubwa. Hakuna anayejianika kwenye karatasi itakayoamua mshahara wake. Ukianza na fomu utaandika utetezi, na baada ya kuuandika utaanza kuuamini. Jitathmini kwanza kwa karatasi ambayo haitasomwa na mtu mwingine. Ukimaliza, fomu haitakuchukua zaidi ya saa moja.

Jambo la pili, usianze na kumbukumbu. Mameneja wengi hutafuta mahali tulivu, wakajiuliza "mwaka wangu ulikuwaje?", na jibu linalokuja ni la Novemba na Desemba kwa kuwa ndiyo miezi ambayo bado ya moto. Kwa biashara yako hilo ni hatari mara mbili. Miezi hiyo watu wanatengeneza magari kwa ajili ya safari za sikukuu, kaunta imejaa, hata uamuzi mbaya unafunikwa na pesa inayoingia. Ile wiki ya masika ambayo mzigo ulichelewa na vijana wakashinda wanapokea simu za wateja wenye hasira bila kujua wawajibu nini, hiyo imeshafutika kichwani mwako. Kichwani mwao haijafutika.

Anza na ushahidi, na unao mkobani. Fungua grupu la WhatsApp la tawi, nenda sehemu ya kutafuta, andika neno "nasubiri". Soma kila ujumbe utakaotokea tangu Januari. Ukimaliza andika "kibali", kisha "nimpe?", kisha "umeona". Rudia hivyo hivyo kwenye mazungumzo yako na mtu mmoja mmoja: wauzaji wa kaunta, mtunza stoo, mhasibu, dereva. Na wale watatu walioondoka pia, kama hujafuta. Kila ujumbe wa namna hiyo ni uamuzi uliokuwa umesimama ukikungoja. Chora karatasi safu nne: muda aliouliza, muda uliojibu, alichouliza, na kilichotokea wakati anasubiri. Safu ya nne ndiyo itakayokuuma, kwa hiyo usiiruke.

Acha nikuoneshe mstari mmoja unavyoweza kuwa. Fundi wa gereji amefika kaunta, anataka shokapu za mbele za Noah. Bei ni shilingi 170,000 kwa jozi, anaomba apunguziwe 8,000. Hiyo haifiki hata asilimia 5. Kijana wa kaunta anamfahamu, anajua anarudi kila wiki, ila hana ruhusa ya kushusha hata mia. Anakuandikia saa 4:10 asubuhi: "Fundi anaomba 162, nimpe?" Wewe uko benki, foleni ndefu, simu imo mkobani. Unajibu saa 5:35: "Mpe." Fundi ameshaondoka zamani, maana gari la mteja wake liko juu ya jeki na duka jirani halikumuuliza maswali.

Mhasibu akiliangalia tukio hilo ataona shokapu zilizokosa kuuzwa. Mimi nataka uone mambo mawili mengine. Kijana alisimama mbele ya mteja anayemheshimu akaonekana hana uwezo wa kuamua chochote, na hilo likijirudia wiki hadi wiki, mwenye akili huanza kutafuta mahali ambapo akili yake itatumika. Wanaobaki mara nyingi ni wale ambao kusubiri hakuwasumbui. Na wewe siku hiyo ulikuwa benki, lakini kichwa chako kilikuwa pia kaunta, stoo na kwenye gari la mzigo njia ya Shinyanga. Mtu anayefanya kazi sehemu nne kwa wakati mmoja lazima achoke, hata kama mikono yake haijanyanyua boksi. Hii ndiyo sababu nasema kuondoka kwao na kuchoka kwako nimeviona vikitoka kwenye chanzo kimoja: maamuzi mengi mno yanapita mezani pako.

Basi swali lako la kukua kiuongozi nalijibu hivi. Unapokuwa muuzaji unapimwa kwa ulichouza. Unapokuwa meneja wa watu 12 unapimwa kwa maamuzi mazuri yanayofanyika bila wewe kuulizwa. Mwaka ambao idadi ya maamuzi hayo imeongezeka, umekua. Mwaka ambao mauzo yamepanda na foleni ya mezani pako nayo imerefuka, tawi limekua na wewe umebaki palepale.

Ukishajaza karatasi, panga yale maombi kwa aina. Sitashangaa ukikuta aina tano au sita tu zimebeba karibu yote: punguzo la bei, bidhaa iliyorudishwa, pesa ndogondogo kama mafuta ya pikipiki, ruhusa za msiba na ugonjwa wa mtoto, na kuagiza mzigo unaokaribia kuisha. Kwa kila aina jiulize: kwa nini lazima nijibu mimi? Sababu huwa ni mojawapo kati ya tatu. Kampuni imeagiza hivyo, au unaogopa, au ni mazoea tu tangu tawi lilipokuwa na watu wanne.

Mazoea yaondoe wiki hii hii, hayahitaji mjadala. Hofu inahitaji maneno zaidi, kwa sababu kwenye vipuri hofu ina msingi wake. Bidhaa ni ndogo, ghali na rahisi kuuzwa pembeni. Plagi nne zinaingia mfuko wa shati. Mtu akikwambia "waamini tu vijana wako", muulize kama amewahi kuhesabu stoo ya vipuri akakuta pungufu. Kuamini bila kuhesabu ni kuwaweka watoto wa watu kwenye majaribu. Lakini angalia, kumlazimisha kijana akuulize kabla ya kila punguzo hakuzuii wizi. Mwizi haombi kibali. Unachomfungia ni yule mwaminifu. Wizi unazuiwa na mambo mengine: risiti kwa kila mauzo, kuhesabu rafu chache bila taarifa kila wiki, na anayetoa mzigo stoo asiwe yuleyule anayepokea pesa.

Kwa hiyo weka mipaka kwa namba, uiandike, uibandike. Kwa mfano: muuzaji yeyote aliyemaliza miezi sita anaweza kupunguza hadi asilimia 5 bila kumuuliza mtu, anaandika jina la mteja na sababu kwenye daftari la kaunta. Zaidi ya 5 hadi 10 anaamua msimamizi wa kaunta. Kuvuka hapo ni wewe. Jioni unapitia daftari dakika kumi. Ukiona punguzo ambalo wewe usingelitoa, usimkemee mbele za watu na usilifute. Muulize alichokiona kwa mteja. Mara nyingi utakuta alikiona kitu ambacho kutoka ofisini hukioni. Na pale alipokosea, mmepoteza elfu chache na yeye amepata somo ambalo semina isingempa.

Tuje kwa wale watatu. Andika kila mmoja na tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka, siku za likizo alizochukua, na mara ya mwisho mlipokaa mkaongea jambo lisilo la mauzo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Kama jedwali linaonesha mmoja wao likizo yake ilisogezwa mara mbili "kwa sababu ya kazi", hapo una jibu kabla hujampigia simu.

Ila mpigie. Subiri atulie alikoenda, kisha muombe dakika ishirini. Na hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa mbali hawalielewi kuhusu sisi. Ukimuuliza Mtanzania aliyekuwa chini yako "nilikukosea wapi?", atakujibu "hapana bosi, tuliishi vizuri tu, ni maisha." Hadanganyi kwa ubaya, amelelewa kwamba mdogo hamwambii mkubwa kosa lake usoni, na kumlazimisha ni kumvunjia yeye heshima. Kwa hiyo usimuulize juu yako. Muulize juu ya kazi: "Ungepewa kiti changu mwezi mmoja, utaratibu gani ungeubadilisha wa kwanza?" Hapo anaruhusiwa kutoa ushauri, na ushauri kwa mkubwa ni heshima. Atasema "ningeacha kaunta ijiamulie mambo ya kurudisha bidhaa." Wewe andika, shukuru, usijitetee hata kwa sentensi moja. Ukianza na "unajua pale ilikuwa hivi...", mazungumzo yamekwisha.

Swali hilohilo waulize waliobaki, mmoja mmoja, na usiwaulize kwenye kikao. Kimya cha kikaoni wengi wetu tunakihesabu kuwa ni kukubali, na hilo limewaponza mameneja wengi wazuri.

Kuhusu mauzo sitakaa sana. Kufikia lengo ni jambo jema ila hakuelezi peke yake wewe ulifanya nini. Angalia ni kiasi gani kimetokana na bei kupanda, kiasi gani kimetoka kwa mteja mkubwa mmoja, na kiasi gani kimetokana na jambo mlilolibuni nyinyi. Mhasibu wako akigawanya mauzo kwa mteja na kwa idadi ya bidhaa badala ya shilingi peke yake, picha itabadilika.

Shida kubwa utakayoipata hapo ni kwamba huna pa kulinganishia. Ulifanya maamuzi makubwa mwaka huu, labda uliajiri mtu, ulianza kumkopesha mteja mpya, uliongeza aina ya bidhaa, lakini hukuandika wakati ule ulitarajia nini. Leo utasema "nilijua tu", na hutakuwa unadanganya kwa makusudi. Akili zetu ndivyo zinavyojirekebisha baada ya matokeo. Peter Drucker, bingwa wa mambo ya uongozi wa makampuni, alishauri dawa yake katika makala aliyoitoa mwaka 1999 kuhusu kujisimamia. Kila unapofanya uamuzi mzito, andika unachotarajia kitokee. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, rudi ulinganishe. Alisema aliifuata njia hiyo mwenyewe kwa miaka mingi na kila mara ilimshangaza. Haihitaji programu wala mshauri wa kulipwa. Ukurasa mmoja kwa uamuzi mmoja: tarehe, nimeamua nini, natarajia nini ifikapo lini, nitajuaje kama nimekosea. Lile daftari unalolinunua kila Desemba lipe kazi hii.

Na sisi tunao mfano wetu wa jambo hili, mkubwa kuliko tawi lolote. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na lilisema kwa maandishi nchi inataka kwenda wapi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Mwalimu Nyerere akiwa bado Rais aliandika tathmini yake. Alieleza yaliyofanikiwa kama elimu, afya na maji, kisha akakiri waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Watu wanabishana hadi leo kuhusu sera zenyewe, nami siingii huko. Ninachotaka ukione ni kwamba aliweza kujipima hadharani kwa sababu alichokitaka kilikuwa kimeandikwa, kinasomeka na kila mtu. Kusingekuwa na maandishi ya 1967, tathmini ya 1977 ingekuwa hotuba ya sherehe.

Sasa malengo yako yanayokufa kabla ya Machi. Najua yanavyokuwa bila kuyasoma: kuwa mvumilivu zaidi, kusoma vitabu, kuboresha mawasiliano na timu, kulala mapema, kukuza vijana. Ni mema yote, na hakuna hata moja lenye siku wala mtu wa kukuuliza. Mwaka huu chukua moja tu, na lichukue kutoka kwenye ile karatasi ya safu nne. Angalia aina ya uamuzi iliyochelewesha watu zaidi. Tuseme ni bidhaa zilizorudishwa. Lengo lako linakuwa: ifikapo mwisho wa Machi, hakuna bidhaa iliyorudishwa ya chini ya shilingi 100,000 inayoletwa kwangu. Waambie timu nzima kwenye kikao cha kwanza cha Januari, kwa maneno hayohayo. Ukikiuka, ukaingilia, watakukumbusha, kwanza kwa macho, baadaye kwa mdomo. Siku utakayosikia kijana akisema "mama, hili ulisema tuamue wenyewe", shukuru kwa sauti ili wengine wasikie.

Siku za kuangalia usizitafute mbali. Mhasibu wako anafunga robo mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa sababu ndipo kodi ya makadirio inapotakiwa kulipwa kwa biashara zinazofuata mwaka wa kalenda. Siku hizo hazisahauliki ofisini kwako hata mtu akitaka. Mnapofunga vitabu, nawe tafuta tena "nasubiri" kwenye simu kwa miezi mitatu iliyopita, uhesabu. Ikishuka, chagua aina ya pili ya uamuzi. Isiposhuka, baki na ileile.

Halafu kuna likizo yako. Hukuniandikia kama ulichukua, na kwa jinsi ulivyoueleza uchovu wako, nina wasiwasi. Panga siku kumi za kazi mfululizo mwezi Februari, biashara ikiwa imepoa. Iombe sasa, kwenye barua, kabla mwaka mpya haujakumeza. Mwachie mtu mmoja tawi, kwa jina, na mamlaka yake yaandikwe kwa namba kama nilivyoeleza kwenye punguzo. Mkubaliane mambo mawili tu ambayo atakupigia simu: mtu ameumia, au polisi au TRA wamekuja. Mengine yote yanamhusu yeye. Utakaporudi, usianze na mauzo. Kaa na huyo uliyemwachia, mgawanye yaliyotokea mafungu matatu: yaliyokwama yakakusubiri, yaliyofanyika kama ambavyo ungefanya wewe, na yaliyofanyika kwa namna nyingine kabisa yakaenda sawa. Fungu la kwanza ni kazi yako ya miezi inayofuata. Fungu la tatu ndilo gumu kulipokea. Mkono utakuwasha kuyarudisha kama yalivyokuwa. Usiyaguse. Kama stoo imepangwa upya na mzigo unapatikana haraka, haijalishi kwamba wewe ungeanza na breki ndipo uweke injini.

Ukishapanga hayo, usingoje Februari; rudi kwenye fomu ya makao makuu kabla ya hiyo tarehe 20. Sehemu ya mafanikio andika namba za mauzo kama zilivyo, pamoja na maelezo ya zimetoka wapi. Sehemu ya mambo ya kuboresha andika lile moja ulilolichagua, na tarehe yake. Na usisahau kwamba katika yale maombi yaliyokwama, yapo ambayo hayakukwama kwako. Wewe ulijibu siku hiyohiyo ukayapeleka juu, na juu yakalala: mteja aliyeomba kuongezewa siku za mkopo, mfanyakazi aliyetakiwa kuthibitishwa kazini baada ya majaribio, zabuni iliyohitaji sahihi. Yaandike na tarehe zake, ulipotuma na ulipojibiwa, bila lawama na bila kumtaja mtu. Kisha omba jambo moja mahususi: barua inayoeleza kiwango cha mkopo, cha punguzo na cha matumizi ambacho meneja wa tawi anaweza kuidhinisha mwenyewe. Wakikupa, utakuwa na cha kuwagawia vijana wako Januari. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, uibandike nyuma ya ule ukurasa wa uamuzi, mkutane nayo mwishoni mwa Juni.